Ngumi Huanzia Miguuni

Vijana waliopitia madarasa yangu wameniomba niandike nilivyofanya kazi, kabla sijasahau au, kama alivyosema mmoja wao kwa adabu zote, "kabla hujaanza kutia chumvi, Mwalimu." Basi naandika. Ya vyeo na mishahara sitayagusa, maana vyote viwili vilikuwa vidogo na havina hadithi. Nitaeleza nilivyojifunza kupiga ngumi, na nilivyowafundisha wengine kati ya Diani na Msambweni mpaka nilipostaafu mwaka huu.

Jina langu ni Mejumaa. Sikuajiriwa kupiga mtu. Niliajiriwa kufua mashuka katika hoteli moja ya Diani, nikiwa bado msichana, na kazi yangu ilikuwa kukamua, kuanika na kukunja. Jioni, zamu ikiisha, walinzi wa hoteli walifanya mazoezi ya karate kwenye uwanja nyuma ya chumba cha kufulia, mbele kabisa ya kamba zangu za kuanikia. Mwalimu wao aliitwa Mutua. Alikuwa Mkamba aliyekulia kwenye skimu ya makazi ya Shimba Hills, mfupi, mwenye tumbo la mtu apendaye sahani ya muthokoi, na ukimwona njiani ungedhani ni muuza mbegu. Lakini akipiga gunia lililoning'inia pale, gunia lilijikunja katikati kama mtu aliyepewa habari mbaya.

Nikawa natafuta sababu za kuchelewa kuanika. Siku moja akaniita.

"Mama, wewe huja kuanika ama kuangalia?"

"Vyote viwili, Mwalimu."

"Basi kuja upige hii kitu."

Nikakaza kilemba, nikakunja ngumi, nikalipiga gunia kwa hasira zote nilizokuwa nazo kwa wageni wanaojipaka mafuta mwili mzima kisha wakalalia mashuka meupe. Gunia halikutikisika. Kilichotikisika ni kifundo cha mkono wangu, kikavimba, na kesho yake nikakamua mashuka kwa mkono mmoja.

Mutua hakucheka. Alinishika mkono, akaubonyeza kuanzia kiwiko hadi vidole, akasema, "Mikono uko nayo. Kukamua kumekupa mikono kushinda hawa wanaume wote. Shida ni kwamba unaitegemea."

Hilo ndilo somo la kwanza, na nimewaona wengi wakiacha mazoezi kabla ya kulielewa. Mkono haupigi. Mkono hufikisha tu. Nguvu huanzia mguu wa nyuma unaposukuma ardhi, hupanda gotini, huzungushwa na nyonga, hupita mgongoni na begani, na mkono huipokea mwisho kabisa, kama mwana wa mwisho anayerithi kazi ya wakubwa zake. Ukikaza bega mapema, umefunga njia. Ukikunja ngumi kwa nguvu tangu mwanzo, umechoka kabla hujafika. Ngumi iwe legevu njiani, ikazwe inapogusa, kisha ilegee tena. Na iguse kwa vifundo viwili tu, cha kidole cha shahada na cha kidole cha kati, kifundo cha mkono kikiwa kimenyooka. Mimi nilikipinda, na nililipwa papo hapo.

Kwa muda mrefu Mutua hakuniruhusu kupiga chochote. Alinifundisha kusimama. Maji ya bahari yakipwa alitupeleka ufuoni, kwenye mchanga ulio unyevu, akatuamuru tupige hewa, kisha tusogee kando tuangalie nyayo zetu. Kama alama ya mguu wa nyuma haikuchimbika, ulikuwa umepunga mkono tu, unaaga watu. Mpaka leo sijapata chombo kizuri kuliko mchanga ule. Wageni walikuwa wakisimama kututazama tukikodolea nyayo zetu wenyewe, na mmoja alimuuliza mhudumu tumepoteza nini.

Kuhusu nyonga, niseme jambo moja. Wanafunzi kutoka bara ilibidi wafundishwe kuzungusha kiuno, wakaona haya, wakasimama kama nguzo za stima. Sisi wa pwani kiuno hatukuhitaji kufundishwa. Tatizo letu lilikuwa kukiomba kifanye kazi nje ya harusi.

Miaka ikaenda, mashuka nikayaacha. Mutua alipoanza kuumwa na mgongo alinifanya msaidizi wake, na aliporudi shambani kwake kulima, hoteli ikaniachia walinzi. Siku yake ya mwisho nilimuuliza ana wasia gani. Akafikiri sana, kisha akasema, "Usiweke mchanga ndani ya gunia."

Nilidhani ni fumbo. Halikuwa fumbo. Mchanga hushuka kitakoni mwa gunia, na baada ya muda unakuwa na jiwe chini na hewa juu, na anayepiga chini huvunjika mkono. Weka vitambaa vikuukuu, ukivikatakata, na vumbi la mbao katikati, ukishindilia kidogo kidogo. Hoteli ilikuwa na taulo chakavu za kutosha, na nilijua zilipo kuliko mtu yeyote.

Mwanafunzi wangu wa kwanza mgumu alikuwa Bakari, mlinzi aliyekuwa amekata miwa Ramisi kabla ya kuja hotelini. Alikuwa na mgongo mpana kama mlango wa bohari. Ngumi yake ilikuwa haina kitu. Alibana pumzi, akakaza shingo, macho yakamtoka, akapiga, na gunia likamtazama. Nilimweleza kwamba pumzi lazima itoke pamoja na ngumi. Akasema, "Naam, Mwalimu," akabana tena. Nilimwambia apige ukelele kama wanakarate wengine. Akaona haya; alikuwa mtu mzima, mwenye wake na wajukuu, hawezi kupiga kelele mbele za watu bila moto wala mwizi.

Nikakaa nikawaza. Nikamuuliza, "Bakari, mgeni akipita langoni unamwambiaje?"

"Namwambia 'habari', Mwalimu."

"Basi liambie gunia 'habari'. Litamke neno hilo ngumi inapofika, si kabla wala si baada."

Mtu hawezi kubana pumzi na kusalimia kwa wakati mmoja. Ngumi ya kwanza ikatoka na "habari" dhaifu. Ya pili ikawa nzuri zaidi. Kabla ya juma kuisha alikuwa analisalimia gunia hadi kamba inalia, na walinzi wengine wakaiga. Kila jioni nyuma ya chumba cha kufulia zikasikika salamu nzito nzito, na mgeni mmoja mzee, aliyekuwa akipumzika kwenye baraza upande wa pili wa ukuta, akawa anaitika kila moja, "Nzuri sana." Hatukumkatiza. Alionekana kufurahi.

Baadaye hoteli ilibadilisha mipango, walinzi wakaletwa kutoka kampuni, na mimi nikarudi kwetu Msambweni. Ukumbi wa vijana ulikuwa unatafuta mtu wa kufundisha mazoezi. Wavulana walikuwa na mpira wao. Nikaomba nianze darasa la wasichana. Kamati ya ukumbi ikakubali kwa sharti kwamba wazazi waridhike, na kwa jinsi walivyolitamka sharti hilo niliona hawakutarajia waridhike.

Walikuja wasichana wachache, wamevaa suruali pana, kanzu fupi na hijabu zilizobanwa vizuri, na miongoni mwao alikuwa Nimwaka, binti wa Fundi Hamadi seremala. Alikuwa mwembamba, msikivu, mwenye adabu iliyopita kiasi. Aliligusa gunia kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwa mkwe. Kila akipiga alisema, "Samahani." Nilijaribu mchanga, nilijaribu salamu ya Bakari. Aliisema salamu kwa heshima kubwa, na gunia likatulia vilevile. Nikaanza kudhani huyu atakuwa mkimbiaji.

Kisha siku moja nilikwenda karakana kwa baba yake kuagiza ubao wa kupigia, ule unaozikwa ardhini, mnene chini, mwembamba juu, ukafungwa kamba ya makumbi mahali pa ngumi ili uchubue kidogo tu. Fundi Hamadi hakuwapo. Nimwaka alikuwa peke yake, anapiga randa ubao mrefu wa mlango, hajui kama nimesimama. Nikanyamaza nikatazama. Mguu wa nyuma ulisukuma sakafu, nyonga ikafuata, mgongo ukanyooka, mikono ikawa ya mwisho, na pumzi ilitoka pamoja na kila mkupuo. Maranda yalikuwa yakitoka marefu, hayakatiki.

"Nimwaka," nikamwita, "unapiga nini hapo?"

Akashtuka. "Shikamoo, Mwalimu. Napiga randa."

"Marahaba. Nani alikwambia kuna kupiga kwa aina mbili?"

Hakunielewa. Nikamwambia aweke randa chini, asimame vilevile, afanye vilevile, mikono mitupu. Akafanya. Nikamwambia akunje ngumi. Akaikunja, akarudia, na mkono wa kanzu yake ukalia kwa kasi. Akautazama mkono wake kama kwamba ni wa mtu mwingine.

"Kesho lipige gunia randa," nikasema. Kesho yake ndoano ilichomoka kwenye boriti, tukalazimika kumwita fundi mwingine wa kuirudisha. Hakusema samahani. Alicheka mpaka akakaa chini.

Lakini maneno yalikuwa yameanza mjini. Wasichana wanafundishwa kupigana. Nani atawaoa. Mama mmoja alimtoa bintiye, wa pili akafuata, na kamati ikaniambia itaitisha mkutano wa wazazi Jumamosi baada ya Alasiri. Wakiridhika darasa liendelee, wasiporidhika lifungwe. Aliyechaguliwa kuwasemea wazazi alikuwa Fundi Hamadi. Nikaona mambo yamekwisha. Alikuwa mtu mwema, lakini hakuwahi kuja kutazama hata mara moja, na alidhani Nimwaka wake huja ukumbini kunyoosha viungo tu, wanaopigana ni wa wenzake.

Nilipanga kuvunja ubao mbele yao. Si jambo nililolipenda, maana kuvunja ubao ni maonyesho kuliko mafunzo, lakini watu huamini wanachokisikia kikikatika. Nikamwomba Fundi Hamadi mwenyewe aniletee vipande vya mbao, kwa kuwa mtu huwa mpole akiwa na mkono wake katika shughuli.

Siku ikafika. Wazazi walijaa kwenye viti vya plastiki, kina mama upande huu, kina baba upande ule. Fundi Hamadi akaingia na mbao amezifunga kwenye kitambaa safi. Akazifungua. Nilizitazama. Zilikuwa zimepigwa randa hadi zinang'aa, pembe zimelainishwa kwa msasa, na zimepakwa vanishi.

"Fundi," nikamnong'oneza, "huu ni mvule?"

"Mvule mtupu," akasema kwa fahari. "Nilikuwa nao wa kutengenezea mlango. Ulitaka nikuletee mbao za kreti mbele za watu? Wangesema Hamadi hana mbao."

Hakuwa na hila. Alikuwa amenistahi. Kwa karate mtu huvunja mbao laini, kavu, nyembamba. Mvule wa unene ule ungeivunja mikono yangu yote miwili na kubaki na vanishi yake. Nikageukia watu, nikawaambia kweli.

"Jamaa zangu, Fundi ametuletea mvule wa mlango. Mimi mlango naufungua kwa kitasa. Ubao huu leo hauvunjiki."

Watu wakacheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu wanaokaribia kuondoka. Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi hakuna karate." Fundi Hamadi akaona haya kwa ajili yangu, akasimama.

"Mwalimu, mimi sikutaka kukufedhehesha. Lakini sasa sisi tutajuaje kama watoto wamejifunza kitu, au wanapoteza wakati wa masomo na kazi za nyumbani?"

Lilikuwa swali la haki. Nikachukua mto wa mazoezi, mto mnene nilioushona kwa turubai na vipande vya godoro, nikampa.

"Nishikie hapa, Fundi. Uukumbatie kifuani, mikono miwili. Nimwaka, njoo."

Akaushika kwa mkono mmoja. "Huyu? Huyu nimembeba mimi."

"Baba," Nimwaka akasema taratibu, "shika vizuri."

Akatabasamu, akaongeza mkono wa pili ili kumridhisha. Nimwaka akasimama. Nilimwona akimtazama baba yake, na nikaogopa adabu yake ingerudi; maana kumpiga baba, hata kupitia godoro, hilo hatukuwa tumelifanyia mazoezi. Akasema, "Niwie radhi, Baba." Kisha mguu wa nyuma ukasukuma.

Mlio wa ngumi ulikuwa mfupi. Fundi Hamadi akarudi nyuma akapepesuka, akakaa kwenye kiti ambacho tayari kilikuwa na mwenyewe, na kiti kikatawanya miguu. Walikaa chini wote wawili, yeye na mwuza samaki mmoja wa Shimoni, na mto Fundi bado ameukumbatia. Hakuna aliyecheka. Nimwaka alijiziba mdomo.

Fundi Hamadi akainuka, akapangusa kanzu, akarudi mahali pake. "Rudia," akasema. "Sikuwa tayari."

Safari hii alipanga miguu kama mtu anayezuia gari lisirudi nyuma. Nimwaka akapiga, na baba akarudi vilevile, ila safari hii watu walikuwa wameshaondoa viti. Hapo ndipo ukumbi ulipoangua kicheko, na kina mama wakapiga vigelegele. Yeye hakuwasikia. Alikuwa anamtazama bintiye miguuni.

"Nani amekufundisha hivyo?"

Nimwaka akanitazama mimi. Nikasema, "Mimi nilimfundisha kukunja ngumi tu, Fundi. Nguvu alikuja nayo kutoka karakana kwako. Nimwaka, fanya polepole, Baba aone."

Akafanya polepole: mguu, nyonga, mgongo, mkono. Fundi Hamadi akakunja uso, kisha uso ukamfunguka.

"Hiyo ni randa."

"Ndiyo, Baba."

Akanirudishia mto. Nilidhani amekwisha, lakini aliuliza swali ambalo ndilo lililomleta, na aliliuliza bila ukali. "Na akishajua hivi, Mwalimu, atampiga nani?"

"Fundi, karakana yako imejaa misumeno, mashoka na patasi. Tangu umeanza kazi, umemkata nani?"

Wazee wakaitikia kwa vichwa. Fundi Hamadi akasema wasichana wawe majumbani kabla ya Magharibi, mavazi yabaki yalivyo, na wanaume wasiingie kutazama ila kwa ruhusa. Nikakubali yote; nilikuwa nimeyapanga hivyo tangu mwanzo, lakini niliona heri yatoke kinywani mwake. Wale waliotolewa wakarudi, wakaja na wengine, hata kutoka Mkwiro, wakilala kwa jamaa zao mwisho wa juma. Na yeye mwenyewe akawa mtangazaji wetu mkubwa. Kila mteja wa kabati alisimuliwa jinsi bintiye alivyomwangusha, na habari ilipofika Shimoni nikasikia alikuwa amerushwa dirishani. Nilipomuuliza kwa nini hairekebishi, akasema, "Mwalimu, mlango mzuri hauongezewi misumari, lakini hadithi ni mbao nyingine."

Nimwaka alikua, akasoma, akashindana huku na kule, na hayo atayaandika mwenyewe akipenda. Ninachojua ni kwamba alirudi, akawa msaidizi wangu, na magoti yangu yaliponiambia inatosha, yeye ndiye aliyelichukua darasa. Wanafunzi walinipa gunia jipya la kuagana, lililojazwa vizuri, tukalitundika kwenye baraza ya nyumba yangu. Wengine wakistaafu hupewa saa ya ukutani.

Baada ya muda nilikwenda kuwatembelea. Nikakaa nyuma, nikaapa sitasema neno. Nimwaka alikuwa anawafundisha kupiga, na nikamsikia akisema, "Kisigino cha nyuma kiacheni kiinuke, kizunguke pamoja na nyonga." Nikashika kiti. Miaka yangu yote, kama Mutua kabla yangu, nilifundisha kisigino kibaki chini, kimegandamana na sakafu. Darasa lilipokwisha nilimwita kando.

"Nimwaka, mwanangu. Kisigino?"

Akainamisha kichwa kidogo, lakini hakurudi nyuma. "Mwalimu, kikibaki chini goti linapindwa. Nafikiri ndicho kilichoyaharibu yako. Na nyonga haifiki mwisho. Jaribu, kisha uniambie kama nimekosea."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Nikajitengenezea chai, nikaiacha. Mume wangu, Athumani, alikuwa barazani anasikiliza redio. Nikavua viatu, nikasimama mbele ya gunia, nikaona hakuna anayenitazama ila yeye, ambaye si mtu wa kuhesabu. Nikakiacha kisigino kiinuke.

Gunia lilijikunja, likaruka, boriti ikapiga kelele, vumbi likamwagika juu ya redio. Goti halikusema kitu. Katika maisha yangu sikuwahi kupiga ngumi kama ile.

Athumani alizima redio. "Nini hicho?"

"Nimejifunza kupiga," nikamwambia.

"Leo?"

"Leo."

Akalitazama gunia likiyumba, akanitazama mimi. "Na wale wote uliowafundisha miaka yote hii?"

"Wako kwa Nimwaka," nikasema. "Sogeza kiti, napiga tena."